Vitufe vyaanza kurejea: Funzo la gurudumu la iPod katika enzi ya vioo

Mnamo Mei 10, 2022, kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kwamba haitatengeneza tena iPod, kifaa kilichobadilisha jinsi ulimwengu unavyosikiliza muziki. Wengi waliipokea habari hiyo kama tanzia ya mzee aliyekwisha kusahaulika. Muziki ulikuwa umehamia kwenye simu zamani, na iPod ya mwisho yenyewe ilikuwa kama simu isiyopiga wala kupigiwa.

Lakini kuna jambo lililozikwa pamoja na kifaa hicho ambalo sasa linafukuliwa. Wanaolifukua si wapenzi wa muziki, bali ni wasimamizi wa usalama wa barabarani, wanamaji na watetezi wa watu wenye ulemavu. Jambo hilo ni kitufe.

Machi 2025, mkuu wa usanifu wa kampuni ya magari ya Volkswagen, Andreas Mindt, aliliambia jarida la Autocar la Uingereza kwamba magari mapya ya kampuni hiyo yatarejeshewa vitufe halisi kwa kazi muhimu zaidi. Miongoni mwa kazi hizo alitaja kupandisha na kushusha sauti. Aidha, Euro NCAP, asasi inayopima usalama wa magari barani Ulaya, iliweka kanuni za kuanzia mwaka 2026 zinazowapunguzia alama watengenezaji wanaozificha ndani ya skrini kazi kama vile honi, taa za dharura, vifuta maji na taa za kuonyesha gari linapinda.

Je, ilikuwaje ulimwengu ulioviacha vitufe kwa pupa ukaanza kuvirudia? Jibu la swali hilo halipatikani katika karakana za magari pekee. Lazima turejee kwenye vicheza-muziki vya mfukoni, kwa kuwa huko ndiko vita kati ya kidole na jicho vilikopiganwa kwanza mbele ya umma.

Nyimbo elfu moja, kidole kimoja

Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman mnamo Julai 1979, suala la vitufe halikumsumbua mtu. Kaseti moja ilibeba nyimbo chache tu. Palikuwa na kitufe cha kucheza, cha kusimamisha, cha kupeleka mbele na cha kurudisha nyuma. Uteuzi wa muziki ulifanywa kwa kuchagua kaseti, wala si kwa kubonyeza kifaa.

Vicheza-muziki vya kwanza vya dijitali vilirithi mpangilio huo huo. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilileta MPMan, na Diamond Multimedia ya Marekani ikafuata na Rio PMP300. Kumbukumbu yavyo ilikuwa megabaiti 32, ambazo kwa ubora wa kawaida wa faili za MP3 wakati huo zilitosha muziki wa takriban nusu saa. Mwenye nyimbo nane hahitaji ramani.

Mambo yalibadilika diski ngumu za tarakilishi zilipopungua umbo. Mwaka 2000 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Nomad Jukebox, yenye nafasi ya gigabaiti 6 na umbo la kicheza-CD. Oktoba 23, 2001, Steve Jobs wa Apple akaionyesha iPod: gigabaiti 5, nyimbo 1,000, bei dola 399, ikitumia diski ya Toshiba yenye upana wa inchi 1.8.

Hapo ndipo hesabu za vitufe vya kaseti zilipogoma. Tuseme msikilizaji yuko kwenye wimbo wa kwanza katika orodha, naye anautaka wa 700. Akibonyeza kitufe cha kwenda mbele mara mbili kila sekunde, atahitaji karibu dakika sita kuufikia. Wimbo wenyewe huenda ni wa dakika nne.

Wazo la kulitatua tatizo hilo kwa gurudumu linahusishwa na Phil Schiller, aliyekuwa msimamizi wa masoko wa Apple. Badala ya kubonyeza mara mia saba, msikilizaji angezungusha kidole gumba juu ya duara, nayo orodha ikimbie kadiri kidole kinavyokimbia. Angezungusha polepole, orodha ingesogea hatua kwa hatua. Angezungusha kwa kasi, ingeruka makumi ya nyimbo.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Gurudumu lile lilithibitisha kwamba kidole kimoja, kikipewa chombo kilichosanifiwa vyema, kinaweza kupekua maktaba nzima.

Siri ya duara

Wadadisi wa usanifu wamekuwa wakijadili kwa miaka mingi kwa nini gurudumu hilo lilifaulu pale ambapo vifaa vingine vilishindwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, siri zake zilikuwa tatu, na kila moja ina uzito hata leo.

Ya kwanza ni kwamba duara halina mwisho. Anayetelezesha kidole juu ya mstari hufika ukingoni, akakiinua na kuanza upya. Anayezungusha hana ukingo wa kumzuia. Mkono mmoja ulitosha kushika kifaa na kukiendesha, nao mwingine ukabaki huru kushika kikapu, mwamvuli au nguzo ya basi.

Ya pili ni mwitikio. Kila hatua ya gurudumu iliandamana na mlio mdogo, ti-ti-ti, uliotoka ndani ya kifaa. Mlio huo haukuwa pambo. Uliliambia sikio kile ambacho jicho halikuhitaji kukitazama: kwamba amri imepokelewa, na kwamba orodha inasonga kwa kasi fulani.

Ya tatu, na labda iliyo kubwa zaidi, ni mti wa menyu. Nyimbo hazikurundikwa pamoja kama gunia la mahindi. Zilipangwa kwa wasanii, chini ya msanii albamu zake, na chini ya albamu nyimbo zake. Walter Isaacson, katika wasifu wa Jobs uliochapishwa mwaka 2011, anaeleza kwamba Jobs alisisitiza kila wimbo upatikane kwa mibonyezo isiyozidi mitatu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufunzwa mti huo ni nini. Tangu Machi 2007, mamilioni ya wananchi wamekuwa wakiupanda na kuushuka kila siku ndani ya menyu ya M-Pesa. Tuma pesa, weka namba, weka kiasi, weka nambari ya siri. Mama muuza mboga mwenye simu ya 'kabambe' huupita mti huo bila kusoma kila neno, kwa kuwa vidole vyake vimekwisha kuikariri njia.

Hapo ndipo ulipo uti wa mgongo wa hoja yetu. Kiolesura chema si kile kinachovutia macho siku ya kwanza. Ni kile ambacho mkono unaweza kujifunza, hata macho yakapumzika.

Makosa ya mwaka 2003

Itakumbukwa kwamba gurudumu la kwanza lilizunguka kwelikweli kama kitasa cha redio, likiwa limezingirwa na vitufe vinne, na kingine kikiwa katikati yake. Julai 2002 Apple iliacha gurudumu linalozunguka, ikaweka sahani tuli inayohisi mguso wa kidole. Sababu zilieleweka. Sehemu inayozunguka huingiwa na vumbi na kulegea. Sahani tuli haina pa kuingiza vumbi.

Teknolojia hiyo hutambua mabadiliko madogo ya umeme yanayosababishwa na ngozi ya binadamu. Ndiyo sababu aliyevaa glavu za sufi katika nchi za baridi alijikuta akipapasa kifaa kisichomsikia.

Aprili 2003 kampuni hiyo ilipiga hatua nyingine, na mara hii ikajikwaa. Vitufe vinne vilitolewa kando ya gurudumu, vikapangwa kwa mstari chini ya skrini, navyo pia vikawa vya kuhisi mguso pekee. Vilimetameta kwa taa nyekundu na kupendeza macho. Lakini kidole gumba sasa kililazimika kuondoka kwenye duara kwenda kuvitafuta, na kwa kuwa havikubonyea, mtu aliyeingiza mkono mfukoni aliweza kuugusa wimbo ukakatika bila yeye kukusudia.

Marekebisho yalikuja mwaka 2004, kwanza katika iPod mini iliyotangazwa Januari, kisha katika iPod ya kizazi cha nne mnamo Julai. Vitufe vilirudishwa, lakini safari hii vilifichwa chini ya gurudumu lenyewe. Kidole kiliteleza juu yake ili kutafuta, kikabonyeza upande wa juu, chini, kushoto au kulia ili kuamuru. Gurudumu likawa la kugusa na la kubonyea kwa wakati mmoja.

Matokeo yalionekana sokoni. Kufikia Aprili 2007, Apple ilitangaza kuwa imeuza iPod milioni 100. Si haki kudai kwamba gurudumu peke yake lilileta ushindi huo, kwa maana kulikuwa na programu ya iTunes, duka la nyimbo na matangazo ya gharama kubwa. Hata hivyo, ushahidi wa nguvu ya gurudumu uko kwa washindani. Microsoft ilipotoa Zune mnamo Novemba 2006, iliweka duara mbele ya kifaa. Duara hilo lilifanana na gurudumu lakini halikuwa gurudumu, bali vitufe vya pande nne vilivyovaa joho la mwenzao. Uzalishaji wa Zune ulikoma mwaka 2011.

Wapo waliothubutu kufuata njia yao wenyewe. Kampuni ya iRiver ya Korea Kusini ilitengeneza Clix, ambayo uso wake wote ulikuwa kitufe: mtumiaji alibonyeza upande wa skrini aliotaka, nayo ikainama kidogo. Kifaa hicho hakikuipiku iPod, lakini kiliashiria kwamba duara halikuwa jibu pekee. Kilicholazimika kuwapo ni kitu kinachoujibu mkono.

Nani anamiliki njia ya kidole?

Nyuma ya pazia la mauzo kulikuwa na vita vingine, vya mahakamani. Swali lake lilikuwa zito: je, mtu anaweza kumiliki jinsi kidole kinavyoufikia wimbo?

Januari 2001, miezi kadhaa kabla ya iPod kuonekana, Creative ya Singapore iliomba hataza ya kulinda mfumo wa kupanga na kutafuta nyimbo kwa ngazi katika kicheza-muziki cha mfukoni. Ilipewa hataza hiyo nchini Marekani mnamo Agosti 2005. Mei 2006, ikiongozwa na mwanzilishi wake Sim Wong Hoo, iliishtaki Apple. Apple nayo ikajibu kwa mashtaka yake.

Mzozo huo ulimalizika Agosti 2006 nje ya mahakama. Apple ilikubali kulipa dola milioni 100 ili iruhusiwe kutumia hataza hiyo. Kwa Creative hicho kilikuwa kitita kinono. Lakini soko halikurudi. Kampuni iliyotangulia kuwaza mti ilipewa fidia ya mizizi, huku matunda yakichumwa na mwingine.

Kisa cha pili ni cha Japani. Mvumbuzi Norihiko Saito, aliyekuwa ameomba hataza mwaka 1998, alidai kwamba gurudumu la kubonyea la Apple liliingilia uvumbuzi wake. Septemba 2013 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamuru alipwe zaidi ya yeni milioni 330. Alikuwa amedai yeni bilioni 10.

Visa hivi viwili vina funzo kwa vijana wa mataifa yetu wanaobuni programu na vifaa usiku na mchana. Sheria hulinda wazo lililoandikishwa, wala si wazo lililowazwa. Creative na Saito walisikilizwa kwa kuwa walikuwa na karatasi zenye tarehe. Hata hivyo, karatasi hizo ziliwapa fedha, hazikuwapa watumiaji. Watumiaji walibaki na aliyeunganisha gurudumu, menyu, mlio na mfuko wa suruali kuwa kitu kimoja.

Kitufe chanyolewa

Baada ya ushindi huo, mtu angetarajia gurudumu litunzwe kama mboni ya jicho. Lakini Apple yenyewe ndiyo iliyoanza kulizika.

Mwaka 2007 ilitoa simu ya iPhone, na mnamo Septemba mwaka huo ikatoa iPod Touch: kioo kitupu chenye vitufe vichache pembeni. Machi 2009 ikaenda mbali zaidi kwa iPod shuffle ya kizazi cha tatu. Kifaa hicho kidogo hakikuwa na skrini, wala hakikuwa na kitufe hata kimoja cha muziki mwilini mwake. Vitufe vyote vilihamishiwa kwenye waya wa spika za masikioni.

Matatizo yalijitokeza mara moja. Aliyekuwa na spika za masikioni za kampuni nyingine zisizo na vitufe hivyo hakuweza kupandisha sauti wala kubadilisha wimbo. Waya ukikatika, kifaa kizima kilibaki bila usukani. Aidha, amri zilitegemea idadi ya mibonyezo: mmoja kusimamisha, miwili kwenda mbele, mitatu kurudi nyuma. Msikilizaji akawa kama karani wa simu za maandishi za kale.

Septemba 2010 kizazi cha nne kilitoka, na vitufe vilikuwa vimerudi mahali pake, vimepangwa kwa duara. Ni nadra kampuni kubwa kukiri kosa kwa maneno. Hii ilikiri kwa plastiki na alumini. Pamoja na hayo, mkondo mkuu haukugeuka. iPod classic, ya mwisho kuwa na gurudumu, iliondolewa sokoni Septemba 2014. Nano na shuffle zikafuata Julai 2017.

Ni kweli kwamba kioo kina hoja zake, na si busara kuzibeza. Kitufe kikishachongwa hakibadiliki, ilhali kioo huweza kuwa kinanda leo na ramani kesho. Kioo kimoja hubeba lugha zote bila kuchonga herufi upya. Mtengenezaji huokoa gharama ya makumi ya sehemu ndogo zinazochakaa. Bila kioo, simu inayotumiwa kulipa karo, kusoma gazeti na kuzungumza na jamaa aliye ughaibuni isingeenea mfukoni kwa umbo lake la sasa.

Tatizo halikuwa kuja kwa kioo. Tatizo lilikuwa imani kwamba kioo kinafaa mahali pote, hata pale ambapo macho ya mtumiaji yana kazi nyingine.

Gharama ya kunyamaza

Agosti 21, 2017, manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore. Mabaharia 10 walikufa. Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilichunguza ajali hiyo, na katika ripoti yake ya mwaka 2019 ikalaumu hasa usimamizi duni, mafunzo haba na taratibu zisizotosha. Lakini ilitaja pia kwamba mfumo wa usukani wa skrini za kugusa uliongeza uwezekano wa wahudumu kufanya makosa.

Mwaka huo huo wa 2019, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza kwamba litarejesha mikono halisi ya kuongeza na kupunguza mwendo katika manowari za aina hiyo. Mkono halisi una sifa moja isiyo na mbadala: ukiutazama au kuugusa, unajua injini imeamriwa nini. Kioo hakisemi mpaka ukisome.

Barabarani hali ni hiyo hiyo. Dereva aendaye kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 22 kila sekunde. Akiyaondoa macho barabarani kwa sekunde tatu akitafuta mahali pa kupunguza sauti ya muziki, gari lake limekwenda mita 66 bila mtazamaji. Katika urefu huo kuna nafasi ya kutosha kwa kivuko cha watoto wa shule. Kitasa cha sauti cha redio za zamani hakikumdai dereva hata mtazamo mmoja.

Kundi jingine lililolipa gharama ni la watu wasioona. Kwao, vitufe vilikuwa mlango, lakini menyu iliyoandikwa kwenye skrini ilikuwa ukuta. Gurudumu la iPod liliwapa uwezo wa kupandisha sauti na kuruka wimbo, lakini si wa kusoma orodha.

Waliobomoa ukuta huo kwanza si kampuni kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2001, watengenezaji programu wa kujitolea kutoka Uswidi walianzisha Rockbox, programu huria ya kuendesha vicheza-muziki badala ya ile ya kiwandani. Rockbox ikaongezewa menyu zinazosema kwa sauti, na wasioona wengi wakaikumbatia. Apple ilileta menyu zinazosema katika iPod nano ya mwaka 2008.

Hapa uadilifu unatulazimu kutaja upande wa pili. Mwaka 2009, Apple iliweka msomaji-sauti ndani ya iPhone, na kioo kilichokuwa bubu kikaanza kumwambia asiyeona kilicho chini ya kidole chake. Leo hii wasioona wengi duniani, Kenya ikiwemo, hutumia simu za kioo kwa ustadi wa kuonewa wivu. Kwa hivyo, ubishi kwamba vitufe ni vyema na vioo ni viovu hauna mashiko. Kilicho kiovu ni kifaa kisichojibu: kisichobonyea, kisicholia, kisichosema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Haki hiyo haiishii kwenye kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Mashine ya benki yenye kioo kitupu, kituo cha huduma chenye skrini isiyosema na kifaa cha malipo dukani kisicho na vitufe vya namba vinavyopapasika, vyote vinamlazimisha raia asiyeona kumtajia mtu mwingine nambari yake ya siri.

Kitasa muhimu kuliko vyote

Katika mjadala huu wote, kuna kidhibiti kimoja ambacho wachambuzi hukipita haraka, nacho ni kile cha sauti.

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilionya kwamba vijana wapatao bilioni 1.1 wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na usikilizaji usio salama. Shirika hilo linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akiwa kwenye kiwango cha desibeli 80. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne.

Desibeli kumi hazionekani kuwa nyingi kwenye kioo. Ni mtelezo mfupi wa kidole. Lakini kwa sikio, ni tofauti ya saa 40 na saa nne. Ndiyo maana Ulaya, kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2013, ilitaka vicheza-muziki vianze na kiwango cha desibeli 85, vimwonye mtumiaji anapotaka kuzidisha, wala visipite 100.

Kanuni hiyo inadhihirisha kwamba usanifu wa kidhibiti si suala la urembo. Aliyeweka mahali pa kupandishia sauti, na aliyeamua jinsi itakavyopanda, ameshiriki kuamua hali ya masikio ya kizazi kizima. Sikio likishaharibika kwa kelele, halirejei.

Maswali matatu ya mnunuzi

Serikali za kaunti, benki, hospitali na shule zetu zinanunua vifaa vya kidijitali kila mwaka. Familia nazo zinanunua simu, redio na magari. Wauzaji husifu ukubwa wa skrini na wembamba wa umbo. Historia ya gurudumu inatupa maswali matatu ambayo mnunuzi mwerevu angewauliza kabla ya kutoa fedha.

Mosi, je, kazi muhimu kuliko zote za kifaa hiki inaweza kufanywa bila kukitazama? Pili, je, kifaa kinamjibu mtumiaji, kwa mbonyeo, mlio au sauti, ili ajue amri imepokelewa? Tatu, je, mtu akigusa pasipo kukusudia, kosa lake linarekebishika upesi, au limekwisha kutendeka?

Kifaa kikifaulu katika maswali hayo, haidhuru kama ni cha kioo au cha vitufe. Kikifeli, uzuri wake ni wa dirishani.

Watengenezaji wa magari wanaorudisha vitasa leo hawafanyi hivyo kwa kuipenda kale. Wanafanya hivyo kwa sababu alama za usalama zinapotea, wateja wananung'unika, na majeruhi wana majina. Ingekuwa heri kama wangalijifunza mapema kutokana na kisanduku kidogo cha nyimbo ambacho ndani ya miaka kumi kilipitia safari nzima: kilipata vitufe, kikavipoteza, kikavilia, kikavirudisha.

Wazee wetu walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kioo ni msala mzuri, na hakuna anayedai utupwe. Lakini mkono wa dereva gizani, wa baharia katika mlango wa bahari wenye meli tele, na wa asiyeona mbele ya mashine ya benki, bado unautafuta mbacha wake. Wanaosanifu na wanaonunua wasiuambie kwamba umepitwa na wakati.